Kutunza Kumbukumbu za Parokia: Kuchagua na Kufunga Sanduku la Kuhifadhia Taarifa

Mada iliyowasilishwa kwa wajumbe wa kamati za parokia na wafadhili katika mkutano wa robo mwaka. Inachapishwa hapa kwa ombi la wajumbe.



Mada yetu inahusu kifaa kidogo, kisichofikia ukubwa wa boksi la viatu. Hata hivyo, jambo linalotufanya tukizungumzie si dogo hata kidogo.

1. UTANGULIZI

Zamani kumbukumbu zetu zilikaa kwenye madaftari na mafaili, ndani ya kabati la chuma. Kabati lilikuwa na ufunguo, na kamati nzima ilijua ufunguo uko kwa nani. Leo hali ni tofauti. Orodha ya watoto wanaolipiwa ada iko kwenye kompyuta ya katibu, nyumbani kwake. Picha za kisima zimo kwenye simu ya mjumbe mmoja. Risiti zilizopigwa picha zimo kwenye simu ya mhasibu. Taarifa ya mwaka juzi iko kwenye flashi, na flashi hiyo haijulikani iko droo gani.

Siku simu ikiibwa, au kompyuta ikipigwa na radi, tunapoteza nini? Mfadhili anayeuliza fedha zake zilifanya nini hatapata jibu la kuridhisha. Lakini zaidi ya mfadhili yupo mjane ambaye nakala pekee ya makubaliano ya kiwanja chake ilikuwa humo. Yupo mtoto ambaye ada ya muhula wa pili imelipwa, na hakuna mahali pa kuthibitisha hivyo. Hawa ndio wanaoumia kwanza, na ndio wenye sauti ndogo kuliko wote.

Neno kuu tunaloomba mwondoke nalo ni hili: sanduku la kuhifadhia taarifa ni mahali pazuri pa kukusanya kumbukumbu zetu, lakini sanduku peke yake si usalama. Usalama ni kuwa na nakala nyingine iliyo mahali pengine, na watu wanaojua namna ya kuirudisha.

2. KIFAA CHENYEWE NI NINI?

Wauzaji hukiita NAS. Ni kompyuta ndogo isiyo na kioo wala kibodi, yenye nafasi za kuingizia diski. Huunganishwa kwa waya kwenye ruta ya nyumbani au ya ofisi. Kompyuta na simu zote zilizo kwenye mtandao huo huweza kuweka mafaili humo na kuyasoma. Ifananisheni na kabati moja la pamoja, ambalo kila mwenye ruhusa hulifikia akiwa kwenye kiti chake.

Ieleweke kwamba kwa matumizi ya ndani kifaa hiki hakihitaji intaneti. Ruta ikiwa imewaka, hata bando likiisha, katibu na mhasibu wataendelea kufanya kazi. Hiyo ni faida kubwa kwetu. Hebu tufanye hesabu: kupandisha gigabaiti 500 kwenye hifadhi ya mtandaoni kwa kasi ya megabiti 10 kwa sekunde huchukua zaidi ya siku nne na nusu, usiku na mchana bila kukatika. Kazi hiyohiyo kupitia waya wa mtandao wa ndani wa kasi ya gigabiti 1 humalizika kwa muda wa saa moja na nusu hivi.

3. JE, MNAKIHITAJI KWELI?

Tuanze na swali hili kabla ya kufungua pochi. Kama parokia ina kompyuta moja tu, na mafaili yake yote hayafiki terabaiti 1, basi sanduku hili linaweza kusubiri. Nunueni diski mbili za nje za USB. Moja ikae ofisini, nyingine ikae nyumba nyingine, na zibadilishane kila wiki. Fedha inayobaki ifanye kazi nyingine.

Sanduku linafaa pale penye kompyuta tatu au nne, watu kadhaa wanaotumia mafaili yaleyale, na picha na video zinazoongezeka kila mradi. Linafaa pia kwa familia ambayo picha zake zimetawanyika kwenye simu za watu sita. Vifaa hivi kwa asili vilitengenezwa kwa ajili ya nyumba na ofisi ndogo, na ofisi zetu nyingi ni chumba kimoja ndani ya nyumba.

4. MAMBO YA KUZINGATIA WAKATI WA KUCHAGUA

(a) Idadi ya diski. Yapo masanduku ya diski moja, mbili, nne na zaidi. Kwa parokia na kwa nyumba tunashauri la diski mbili. Diski hizo hupangwa kwa mtindo unaoitwa RAID 1, ambapo kila kinachoandikwa kwenye diski ya kwanza huandikwa pia kwenye ya pili. Moja ikifa, kazi inaendelea huku mkitafuta nyingine. Wazo la kutumia diski nyingi za bei nafuu kwa pamoja lilipewa jina la RAID mwaka 1987 na David Patterson, Garth Gibson na Randy Katz wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Kumbukeni tu kwamba diski mbili za terabaiti 4 kwa mtindo huu zinatoa nafasi ya terabaiti 4, si 8.

(b) Ukubwa. Picha moja ya simu ni kama megabaiti 4, kwa hiyo terabaiti 1 inabeba picha zipatazo 250,000. Kinachokula nafasi ni video. Saa moja ya video ya simu yenye ubora wa HD hufikia gigabaiti 6 au zaidi. Hesabuni mlicho nacho leo, mkizidishe mara tatu, na hapo mtapata ukubwa wa kutosha miaka kadhaa. Msishangae diski ya terabaiti 4 ikionekana kwenye kompyuta ya Windows kama 3.6. Hamjaibiwa, kiwanda na kompyuta vinahesabu kwa vipimo tofauti.

(c) Aina ya diski. Diski nyingi za masanduku haya huuzwa bila kuwekwa ndani, kwa hiyo bei ya sanduku si bei ya kazi nzima. Nunueni diski zilizotengenezwa kufanya kazi saa 24. Ulizeni pia kama diski ni ya CMR au SMR. Katika diski ya SMR mistari ya kumbukumbu hulaliana kama mabati ya paa. Hilo huongeza nafasi, lakini huchelewesha sana uandishi, hasa pale diski mpya inapojazwa kuchukua nafasi ya iliyokufa. Mwaka 2020 ilibainika kwamba hata baadhi ya diski za WD Red, zilizouzwa kwa ajili ya masanduku haya, zilikuwa za SMR. Kwa hiyo msitosheke na maandishi ya boksi; someni namba kamili ya toleo na kuiangalia kwenye orodha ya mtengenezaji wa sanduku.

(d) Umri wa programu. Sanduku ni kompyuta, na kompyuta isiyopata masasisho ya usalama ni mlango usio na komeo. Kabla ya kununua, au kabla ya kupokea msaada, ulizeni mtengenezaji ataendelea kutoa masasisho ya toleo hilo hadi lini. Kampuni kama Synology na QNAP, zote za Taiwan, hutoa taarifa za namna hiyo kwa matoleo yao.

(e) Kumbukumbu za siku zilizopita. Baadhi ya masanduku huweza kukumbuka jinsi folda ilivyokuwa jana, juzi au wiki iliyopita. Wauzaji huziita snepshoti. Mtu akifuta au kuharibu faili, mnalirudisha lilivyokuwa. Masanduku ya bei ya chini kabisa mara nyingi hayana uwezo huu. Kama bajeti inaruhusu, ongezeni fedha kidogo mpate lenye nao.

(f) Umeme. Sanduku la diski mbili hutumia kama wati 20 likiwa kazini. Kwa mwaka mzima bila kuzima ni uniti zipatazo 175. Si mzigo mkubwa, lakini uingie kwenye bajeti ya LUKU mapema. UPS si anasa. Ni sehemu ya kifaa. Umeme ukikatika katikati ya uandishi, mafaili yanaweza kuharibika. Tafuteni UPS yenye waya wa USB inayoelewana na sanduku, ili umeme ukikatika kwa muda mrefu sanduku lijizime lenyewe kwa utaratibu.

5. KUFUNGA KIFAA HATUA KWA HATUA

Kwanza, mahali. Chumba kiwe kinafungwa kwa ufunguo, chenye hewa na kisicho na vumbi jingi. Msiliweke sakafuni, mvua ikiingia ndani, sakafu ndiyo hulowa kwanza. Msilifungie ndani ya kabati lisilopitisha hewa, kwa sababu joto hufupisha maisha ya diski.

Pili, ingizeni diski na kuunganisha sanduku kwenye ruta kwa waya. Angalieni kama ruta ina matundu ya gigabiti. Ruta za zamani za megabiti 100 zitafanya kazi, ila ile gigabaiti 500 tuliyoitaja itachukua zaidi ya muda wa saa kumi na mbili.

Tatu, washeni na kufuata maelekezo kupitia kompyuta. Hapa tuwe makini: sanduku linapoandaa diski kwa mara ya kwanza hufuta kila kitu kilichomo. Kamwe msiingize diski yenye mafaili mnayoyahitaji mkidhani yatabaki.

Nne, watumiaji. Kila mtu awe na jina lake na neno lake la siri. Akaunti ya msimamizi inayokuja na sanduku, ambayo mara nyingi huitwa "admin", izimwe baada ya kuundwa msimamizi mwenye jina jingine. Washeni pia uthibitisho wa hatua mbili, ambapo mbali na neno la siri mtu huandika namba inayotokea kwenye simu yake.

Tano, folda na ruhusa. Anzeni na folda chache zinazoeleweka: Fedha, Miradi, Watoto na Ada, Ardhi, Picha. Mhasibu aandike kwenye Fedha. Mwenyekiti asome tu. Folda ya Watoto na Ada ifunguliwe na wawili au watatu. Hili si suala la heshima pekee, ni la sheria pia. Kenya ina sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi ya mwaka 2019. Hapa Tanzania, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Taarifa za afya na za watoto zinahitaji uangalifu wa ziada.

Sita, washeni snepshoti, masasisho ya moja kwa moja, na taarifa za barua pepe. Diski inapoanza kuchoka, sanduku litume ujumbe kwa watu wawili, si mmoja. Sanduku linalopiga kelele kwenye chumba kisicho na mtu halimsaidii yeyote.

6. SANDUKU SI NAKALA YA AKIBA

Sasa tumefika kwenye kiini cha mada. Wengi wakisikia kwamba diski ni mbili na zinafanana, hupumua na kusema, "Sasa tuko salama." Ndugu zetu, diski hizo mbili ni kama watoto pacha waliopanda basi moja. Zinatukinga na jambo moja tu: kufa kwa diski moja. Katibu akifuta faili kwa bahati mbaya, linafutwa kwenye zote mbili papo hapo. Mwizi akibeba sanduku, amebeba zote mbili. Vivyo hivyo moto, mafuriko na radi.

Kanuni inayofuatwa na wengi, iliyosambazwa na mpiga picha wa Marekani Peter Krogh, ni rahisi kukumbuka: tatu, mbili, moja. Nakala tatu za kila kitu muhimu, kwenye vifaa vya aina mbili, na nakala moja ikae nje ya jengo. Kwa parokia zetu inaweza kutekelezwa hivi: nakala ya kwanza iko kwenye sanduku. Nakala ya pili iko kwenye diski ya nje ya USB, inayochomekwa nyuma ya sanduku kila Ijumaa na kuchomolewa kazi ikiisha. Nakala ya tatu ni diski nyingine kama hiyo, inayokaa parokia ya jirani au nyumba nyingine inayoaminika, na hubadilishana na ile ya pili kila mwezi.

Diski inayotoka nje ya jengo ifungwe kwa neno la siri, yaani mafaili yaandikwe kwa namna ambayo mwokotaji hawezi kuyasoma. Diski ikipotea kwenye daladala, iwe imepotea diski tu, si siri za watu.

Tena, nakala ambayo haijawahi kurudishwa ni tumaini tu. Kila robo mwaka, siku ya kikao cha kamati, mjumbe mmoja achague faili lolote la zamani, na katibu alirudishe kutoka kwenye diski ya nje mbele ya wajumbe. Kazi hiyo haizidi dakika kumi. Matokeo yaandikwe kwenye muhtasari wa kikao kama tunavyoandika salio la benki.

7. HATARI ITOKAYO NJE

Masanduku mengi huja na kishawishi cha kufikiwa kutoka popote duniani. Ni kishawishi kitamu, lakini kina gharama. Mwezi Januari 2022 masanduku mengi ya QNAP yaliyokuwa wazi kwenye intaneti yalishambuliwa na programu iliyoitwa Deadbolt. Ilifunga mafaili ya wenyewe na kudai bitcoin 0.03 kwa kila aliyeathirika. Kabla ya hapo, mwezi Juni 2021, watu wengi wenye kifaa cha Western Digital kiitwacho My Book Live waliamka na kukuta mafaili yao yamefutwa na wavamizi. Kifaa hicho hakikuwa kimepata masasisho tangu mwaka 2015, lakini wenyewe waliendelea kukitumia kwa kuwa kilikuwa bado kinawaka.

Ushauri wetu ni huu: msifungue milango ya ruta kwa ajili ya sanduku, na kipengele kiitwacho UPnP kizimwe kwenye ruta. Anayehitaji faili akiwa safarini amwombe katibu amtumie. Na ile diski ya USB inayochomolewa kila Ijumaa ina faida nyingine: mvamizi wa mtandaoni hawezi kuifikia diski iliyo kabatini.

8. NANI ANASHIKA UFUNGUO?

Katika fedha tuna utaratibu wa watia saini wawili. Tufanye hivyo hapa pia. Maneno ya siri ya msimamizi yaandikwe kwenye karatasi, yatiwe kwenye bahasha iliyofungwa kwa lakiri, na bahasha ikae kwa mwenyekiti pamoja na hati nyingine za parokia. Ikifunguliwa, iandikwe imefunguliwa na nani na kwa sababu gani. Katibu anapomaliza muda wake, sanduku liwe kwenye orodha ya makabidhiano kama muhuri na kitabu cha hundi, na akaunti yake izimwe siku hiyohiyo. Si kwa kumshuku. Ni kumlinda asije akaulizwa jambo asilohusika nalo.

9. NENO KWA WAFADHILI WETU

Kwa wafadhili tunasema kwanza ahsante, kisha tunawaomba mambo mawili. La kwanza: mnapotoa fedha za sanduku, toeni fedha za kazi nzima, yaani sanduku, diski mbili za ndani, diski mbili za nje, UPS, siku mbili za mafunzo, na akiba ya kubadilisha diski baada ya miaka mitano hivi. Mkibakiza bajeti kwa kupunguza diski za nje, mmepunguza kile kilicho muhimu kuliko sanduku lenyewe.

La pili: tunathamini vifaa vilivyotumika vinavyoletwa kwa moyo mwema, lakini kifaa ambacho mtengenezaji ameacha kukipa masasisho kinaweza kuleta hasara kubwa kuliko thamani yake. Ile habari ya mwaka 2021 inatosha kuwa funzo. Kabla ya kukifunga kwenye boksi na kulipia usafiri, tuandikieni jina la toleo, nasi tutaangalia na kuwajibu kwa ukweli.

10. HITIMISHO

Waheshimiwa wajumbe, hatuwaombi mwende kununua kesho. Tunawaomba mrudi nyumbani mfanye orodha moja: kumbukumbu zetu ni zipi, ziko kwenye kifaa gani, na kifaa hicho kikipotea usiku wa leo, nakala nyingine iko wapi? Pale ambapo jibu la swali la mwisho ni "hakuna", wekeni alama nyekundu. Anzeni na mistari hiyo wiki hii, hata kama ni kwa diski moja ya USB na rafu kwenye nyumba ya mjumbe. Leteni orodha hiyo kwenye kikao kijacho, tuone pamoja ni parokia zipi zinahitaji sanduku na zipi bado.

Watu waliotukabidhi majina yao, hati zao na picha za watoto wao hawakuikabidhi kompyuta. Wametukabidhi sisi.